Kabla ya Kung'oa Kasha la Filta

Mwenye Subaru Forester au Impreza ya turbo akiingia duka la vipuri vya magari ya kasi, Nairobi au Dar es Salaam, hakawii kuoneshwa bomba linalong'aa lenye filta ya umbo la pia mwishoni. Ataambiwa ang'oe kasha la plastiki lililokuja na gari, afunge hili, injini ipate kupumua. Maelezo hayo yana mantiki ya haraka: turbo ni pampu ya hewa, pampu inataka hewa nyingi, basi ukiondoa kinachoizuia, nguvu zitaongezeka. Kwa injini isiyo na turbo, hoja hiyo ina ukweli wake. Kwa gari la turbo ambalo bado lipo kama lilivyotoka kiwandani, haifiki mbali, na kinachoikwamisha ni kompyuta ya gari lenyewe.

Turbo ina magurudumu mawili madogo kwenye shafti moja. Moshi wa ekzosi unazungusha la kwanza, la pili linavuta hewa kutoka kwenye filta na kuisukuma kwenye injini, na shafti hiyo huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Ingeachiwa ijiendeshe ingevunja injini, kwa hiyo kiwanda kimeweka mlango mdogo upande wa moshi. Kompyuta ina presha inayoilenga kwa kila hali ya mwendo. Presha hiyo ikifikiwa, mlango hufunguka na moshi wa ziada hupita pembeni bila kugusa gurudumu. Sasa tuseme filta na mabomba ya kiwanda yanakula kilopaskali 3 za presha ukikanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini isiyo na turbo, inayotegemea kilopaskali 101 za hewa ya pwani, hapo imepoteza karibu asilimia 3 ya hewa yake na haina namna ya kuirudisha. Turbo inayo: inazunguka kwa bidii zaidi kidogo mpaka ifikie presha iliyopangiwa. Ukiipunguzia kizuizi, itafika pale pale kwa jasho dogo, mlango utafunguka mapema kidogo, na silinda zitapata hewa karibu ile ile. Ulichokinunua ni nafuu ya turbo, na nafuu hiyo si sawa na nguvu kwenye matairi.

Nafuu yenyewe inapimika. Chukua gari lililoko Mbeya au Nairobi, miji iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako hewa ina presha ya kilopaskali 83 hivi. Injini ikitaka presha kamili ya kilopaskali 200, turbo iliyofungiwa kasha la kiwanda inaanza na 80, hivyo inapaswa kuikandamiza hewa mara 2.5. Filta ya wazi nayo ina kizuizi chake. Tuipe kilopaskali 1 tu, kwa ukarimu. Turbo itaanza na 82 na kukandamiza mara 2.44. Kazi ya kukandamiza inapungua kwa asilimia 3, na hewa inatoka kwenye turbo ikiwa imepoa kwa nyuzi 4 hivi kuliko awali, kabla hata ya kupita kwenye intakula, kile kipoza hewa kati ya turbo na injini. Ni faida ya kweli. Turbo inaweza kuamka mapema kidogo, hasa huku milimani ambako inafanya kazi ngumu kuliko pwani, kwa hiyo anayesema gari lake limechangamka baada ya kubadilisha huenda hadanganyi. Ila hizo nyuzi 4 zikumbukwe, maana joto ndilo linaloanza kuidai faida hiyo.

Kasha la kiwanda, ukilitazama vizuri, limeunganishwa na mdomo unaochota hewa mbele, karibu na grili, ambako bado ni ya nje. Filta ya wazi inakaa chini ya boneti, jirani na rejeta na turbo yenyewe, ambayo nyumba yake ya moshi huwa ya moto kiasi cha kuunguza chochote kinachoigusa. Katika foleni ya jioni hewa ya pale inaweza kuwa nyuzi 60 wakati nje ni 30. Na turbo haiongezi joto kwa kujumlisha, inalizidisha: hewa iliyoingia kwa nyuzi 30 na kukandamizwa mara mbili, kwa turbo ya ufanisi wa asilimia 70, hutoka ikiwa karibu nyuzi 125; iliyoingia kwa 60 hutoka ikikaribia 165. Umepata nafuu ya nyuzi 4 na kulipia nyuzi 40. Watetezi wa filta ya wazi hujibu kwamba gari likishika kasi upepo unafagia joto hilo, na hapo wana haki. Kwenye barabara kuu, ukiwa na kizuia joto kilichotengenezwa vizuri, tofauti na hewa ya nje hubaki ndogo. Lakini maisha ya gari la mjini ni kuondoka kwenye taa, kusimama kwenye mzunguko, kuondoka tena, na ndipo mwenye gari anapoitafuta turbo na kuikuta inavuta hewa iliyopikwa. Kwenye Subaru nyingi za turbo intakula nayo imelala juu ya injini chini ya tundu la boneti, inategemea upepo wa mwendo, hivyo katika foleni haina msaada mkubwa.

Yote hayo bado ni madogo kuliko suala la sensa. Injini hizi nyingi huhesabu hewa inayoingia kwa kutumia sensa ya hewa iliyochomekwa kwenye bomba baada tu ya filta. Ndani yake mna waya mwembamba kama unywele unaopashwa moto kwa umeme; hewa ikipita inaupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto lake ndio unaoiambia kompyuta ni gramu ngapi za hewa zimepita kila sekunde. Lakini waya huo hauoni hewa yote. Unaona kijito kidogo tu, na kompyuta inakadiria kilichobaki kwa kuchukulia kwamba bomba ni la kipenyo kile kile kilichopimwa kiwandani. Hamishia sensa kutoka kwenye bomba la milimita 70 hadi la milimita 76, tofauti ambayo jicho haliioni, na eneo la bomba limeongezeka kwa karibu asilimia 18. Hewa ile ile sasa inapita polepole zaidi mbele ya waya, na sensa inaripoti pungufu kwa asilimia 15 hivi. Kompyuta, kwa uaminifu wake, inapunguza petroli kwa kiasi hicho hicho.

Ukiwa kwenye mwendo wa kawaida hutasikia kitu, kwa sababu sensa ya oksijeni kwenye ekzosi hugundua kwamba petroli ni chache na kompyuta hurekebisha. Hatari iko pale unapokanyaga mpaka mwisho. Kwenye magari mengi ya turbo ya zamani kidogo marekebisho ya papo kwa papo huachwa katika hali hiyo, na petroli humwagwa kwa kufuata jedwali lililoandikwa tayari. Jedwali linaamini namba ya sensa. Petroli ikipungua chini ya presha kubwa, joto ndani ya silinda hupanda, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga. Kompyuta hurudisha nyuma muda wa cheche ili kujiokoa, kwa hiyo gari hupoteza nguvu zile zile ulizonunua. Ikishindwa kujiokoa, vinavyovunjika kwanza mara nyingi ni vile vikingo vyembamba kwenye pistoni vinavyoshikilia ringi, udhaifu ambao mafundi wa Subaru za turbo wanaujua vizuri. Kuna watakaosema kwamba bomba lao limetunza kipenyo cha asili sehemu ya sensa, na ni kweli bidhaa nzuri hufanya hivyo. Hata hivyo mkunjo wa bomba muda mfupi kabla ya sensa, au kukosekana kwa kile kiwavu kinachonyoosha mkondo wa hewa, vinatosha kuyumbisha hesabu. Swali la kwanza kwa muuzaji, basi, ni kipenyo cha ndani mahali sensa inapokaa. Asiyelijua jibu hajui anachouza.

Vumbi nalo lina sauti katika uamuzi huu, na kwa anayeendesha barabara za changarawe lina sauti kubwa kuliko mengine. Kila lita ya petroli inaunguzwa pamoja na lita 9,000 hivi za hewa. Filta za hewa hupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 5011, kwa kurushiwa vumbi maalumu la majaribio, na filta nzuri ya karatasi huzuia zaidi ya asilimia 99 ya vumbi hilo. Asilimia 99 na asilimia 98 zinafanana mdomoni, ila hiyo ya pili imepitisha vumbi maradufu. Na chembe ikipita inakutana kwanza na mapezi ya turbo, alumini nyembamba inayozunguka kwa kasi niliyoitaja, kisha inaendelea kwenye kuta za silinda. Filta ya kitambaa yenye mafuta inaweza kufanya kazi vizuri ikitunzwa kama mtengenezaji anavyoagiza. Tatizo ni kwamba huoshwa gereji na kumiminiwa mafuta mengi kupita kiasi, kisha mafuta ya ziada hufuata hewa na kutua kwenye ule waya wa sensa.

Lakini mbona duka lina grafu ya nguvu kutoka kwenye mashine ya kupimia, inayoonesha ongezeko? Iangalie kwa makini. Magari mengi hupimwa boneti ikiwa wazi na feni kubwa ikiipuliza filta hewa ya baridi, hali ambayo barabarani haipo. Vipimo viwili vya gari lile lile, bila kubadilisha kitu, vinaweza kupishana kwa asilimia 2 au 3 kwa sababu tu intakula ilikuwa bado na joto la mzunguko uliotangulia. Grafu ya kuaminika ina mizunguko kadhaa ya kila upande, boneti imefungwa, na mstari wa uwiano wa hewa na petroli chini yake. Mstari huo ukikosekana, hujui kama nguvu zimetokana na bomba au na petroli iliyopungua, ambayo inaweza kuongeza nguvu kidogo kwa muda huku ikiisogeza injini kwenye kugonga. Magari ya mashindano pia hayasaidii hoja ya muuzaji, kwa kuwa kompyuta zao zimepangwa upya kufuata mabomba yao. Ipo sababu moja ya kununua ambayo sina ubishi nayo, na ni sauti: mvumo wa turbo ikivuta na ule mpumuo wa valvu inayotoa presha ya ziada unapoachia mafuta. Kasha la kiwanda lilitengenezwa kuuficha. Anayelipia sauti akijua analipia sauti hajadhulumiwa.

Anayelipia nguvu apime kwanza. Kifaa ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, maji, na rula. Upinde mpira uwe kama herufi U, uufunge wima kwenye ubao ndani ya gari, ncha moja ibaki wazi na nyingine iunganishwe kwenye kidomo kati ya filta na turbo. Mikono ya U iwe na urefu wa mita moja, maji yaishie nusu yake, yasije yakavutwa kwenye turbo. Abiria asome tofauti ya vimo vya maji wakati dereva amekanyaga mpaka mwisho mahali salama; kila sentimita 10 ni takriban kilopaskali 1. Weka filta mpya ya karatasi, upime tena. Mara nyingi sehemu kubwa ya kizuizi ilikuwa ni filta kuukuu, na ikishuka hadi sentimita 20 au chini ya hapo, kilichobaki kwa bomba jipya kuokoa ni kidogo mno. Wakati huo huo fundi aukague mpira unaoingia kwenye turbo, ambao kwenye Subaru umejificha chini ya menifoldi na hupasuka kwa uzee bila mtu kujua.

Hesabu inageuka turbo kubwa ikifungwa au kompyuta ikipangwa upya kwa presha ya juu. Kizuizi hukua kwa kipeo cha pili cha mtiririko: injini iliyokuwa ikivuta gramu 200 za hewa kwa sekunde ikifika 300, zile kilopaskali 3 zinakaribia 7, na kasha la kiwanda linakuwa kikwazo cha kweli. Bomba kubwa hapo lina kazi, mradi linunuliwe kabla ya kompyuta kupangwa, fundi alipange jedwali la sensa akiwa nalo mkononi. Na kama umenunua gari lililotumika likiwa na filta ya wazi tayari, lichomeke kifaa cha kusomea kompyuta, utazame marekebisho ya petroli gari likiwa kwenye mwendo wa kawaida. Likiwa linaongeza petroli asilimia 10 au zaidi muda wote, usilikanyage mpaka mwisho kabla hujatafuta hewa inavuja wapi au kulirudishia kasha lake.