JE, WAJUA? Msukule Hauna Mwenyewe, Mchoro Wako Unaye

• Kijana wa Mamba, wilayani Same, akichora katuni ya misukule kwenye daftari, kazi hiyo inalindwa papo hapo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimdai ada wala muhuri kwanza. Ulinzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Akiisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, anapata ushahidi wa kumtetea akiibiwa.

• Wazo halina hakimiliki. Wafu wanaotembea ni wa kila msimuliaji. Kinacholindwa ni michoro, maneno na wahusika waliobuniwa. Shabiki wa The Walking Dead, katuni ya Robert Kirkman iliyoanza mwaka 2003, yuko huru kuwatembeza misukule wake kwenye milima ya Upare. Kumchora Rick Grimes, mhusika mkuu wa katuni hiyo, na kumuuza ni jambo jingine: hapo anahitaji ruhusa.

• Night of the Living Dead, filamu ya misukule ya George Romero ya mwaka 1968, ilikosa ulinzi Marekani kwa kosa dogo. Ilipobadilishwa jina, tangazo la hakimiliki liliachwa, na sheria ya huko wakati ule ililidai. Filamu ikawa mali ya umma, na wasambazaji wengi wakaiuza bila kumlipa aliyeitengeneza.

Kwa hiyo, msanii, andika jina na tarehe, tunza rasimu zako. Nawe shabiki, usirushe mtandaoni kurasa za katuni ya mwenzako bila idhini. Mchoraji naye anahitaji kula.