Mchanga Chini ya Daraja la Mkapa

Hadi mwaka 2003, msafiri wa Lindi na Mtwara akitokea Dar es Salaam alivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea safari ilikuwa ya kubahatisha. Leo basi hupita juu ya Daraja la Mkapa, mita zipatazo 970, na abiria wengi hata mto hawautazami.

Daraja la namna hii halitishwi sana na malori yanayopita juu yake kama linavyotishwa na kinachotokea chini. Rufiji hupokea maji ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, kisha hutandaa kwenye bonde tambarare la mchanga na tope ambalo mto wenyewe umelileta.

Mkondo ukigonga nguzo, sehemu ya maji huzama moja kwa moja chini, hufukua mchanga kwenye kitako cha nguzo, kisha hujiviringisha na kuizunguka pande zote mbili. Aliyewahi kusimama ufukweni wimbi likirudi baharini anajua visigino vinavyodidimia. Mto ukifurika, shimo linaweza kuzidi mara 2 ya upana wa nguzo: nguzo ya mita 2, shimo la mita 4 na ushei. Ndiyo maana msingi huzamishwa chini kabisa ya kina ambacho mto unaweza kufukua.

Ubaya ni kwamba shimo hujificha. Mafuriko yakipungua, mchanga hurudi na kulifukia, ila ni mchanga mlegevu usioshikilia kitu, na mkaguzi akija kiangazi haoni kasoro. Mwaka 1987, daraja la barabara kuu kwenye kijito cha Schoharie, jimbo la New York, Marekani, liliporomoka mafuriko yalipokula msingi wake. Watu 10 walikufa.

Rufiji sasa ina jambo jipya. Bwawa la Julius Nyerere, juu zaidi kwenye mto huohuo, lilianza kujazwa Desemba 2022. Litapunguza ukali wa baadhi ya mafuriko, lakini mchanga uliokuwa ukishuka hutua humo, na maji yanayotoka bila mzigo huchota mchanga mwingine kutoka sakafu na kingo za mto. Kwangu mimi, kina cha mto pale darajani kinapaswa kupimwa mto ukiwa umejaa, kisha ukishapungua, mwaka hadi mwaka, na vipimo viwekwe wazi. Daraja likikatika, njia ya kuzungukia Songea ni ndefu mno. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara hii ya Lindi na Mtwara huko Somanga, kusini mwa daraja, magari yalikwama pande zote mbili kwa siku kadhaa.