Mafuta ya Nani? Funzo la Magari ya Alkoholi Nchini Brazili

Bajaji na magari yanayotumia gesi yamekuwa jambo la kawaida Dar es Salaam, na ya betri nayo yameanza kuonekana. Ndiyo maana katika madarasa ya itikadi tunaulizwa: je, nchi ikiachana na petroli, si itakuwa imejikomboa? Swali ni zuri, ila limeulizwa nusu. Nusu iliyobaki ni hii: hicho kitakachoshika nafasi ya petroli kitamilikiwa na nani? Tungeweza kujibu kwa mfano wa kobalti ya Kolwezi, ambako wachimbaji wanazungumza Kiswahili kama sisi. Lakini tumechagua Brazili, kwa sababu huko jambo hili limekwisha kujaribiwa kwa takriban nusu karne.

Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilianza kupanda, na katika miezi michache ikafika karibu mara nne. Brazili ilikuwa ikiagiza nje zaidi ya robo tatu ya mafuta yake. Wakati huohuo bei ya sukari, iliyokuwa juu sana mwishoni mwa 1974, iliporomoka mwaka 1975, na makabaila wa miwa wakaanza kulia hasara. Novemba 1975 serikali ya kijeshi ya Jenerali Ernesto Geisel ikatangaza mpango wa Proálcool: miwa igeuzwe alkoholi, na alkoholi ichanganywe na petroli. Hapo ndugu msomaji asipite haraka. Mpango huo mmoja uliokoa fedha za kigeni za taifa, na papo hapo ukaokoa faida za wenye mashamba na viwanda, ambao ndio waliopewa mikopo nafuu ya serikali.

Kiufundi mpango ulifaulu, na hatuna sababu ya kulificha hilo. Mwaka 1979 ilitoka Fiat 147 inayotumia alkoholi tupu. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, magari mapya tisa katika kila kumi yalikuwa ya namna hiyo. Muwa unapokua huvuta hewa ya ukaa, ileile inayotoka alkoholi inapoungua. Tena alkoholi ilisaidia kuondoa katika petroli madini ya risasi, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto. Wale wanaoshikilia kwamba nchi za Dunia ya Tatu ni za kupokea teknolojia tu wautazame mfano huu vizuri.

Lakini moshi uliopungua mjini ulikuwa unafuka shambani. Miwa ilichomwa moto kabla ya kukatwa ili kazi iende mbio. Kila lita ya alkoholi iliacha zaidi ya lita kumi za maji machafu, na kwa miaka mingi yalimwagwa mitoni, yakaua samaki. Mkataji alilipwa kwa kadiri alivyokata, na aliajiriwa kwa msimu tu. Wabrazili waliwaita watu hawa bóia-fria, yaani chakula baridi, kwa kuwa walibeba chakula alfajiri na kukila shambani kikiwa kimepoa. Mei 1984, katika mji wa Guariba, jimbo la São Paulo, waajiri walitaka kila mkataji akate safu saba badala ya tano. Wafanyakazi wakagoma. Polisi waliletwa, na mtu mmoja akauawa. Lakini safu zikarudi tano.

Ukinzani ulijitokeza waziwazi mwaka 1989. Petroli ilikuwa imeshuka bei tangu 1986, serikali ilikuwa imebana bei ya alkoholi, na sukari ikapanda katika soko la dunia. Wenye viwanda wakageuza miwa yao kuwa sukari. Magari mengi yasiyoweza kutumia kitu kingine yakapanga foleni vituoni. Miwa ilikuwako, mwenyewe ndiye aliyebadili nia.

Mwaka 2003 likaja gari linalokubali alkoholi au petroli. Dereva akaokoka na foleni, kwani sasa hulinganisha bei kituoni na kuchagua. Mkataji hakuguswa na maendeleo hayo. Yeye aliguswa baada ya 2007, serikali ya jimbo la São Paulo ilipokubaliana na wenye viwanda kuharakisha kukomesha uchomaji wa miwa, na mashine za kuvunia zikaenea. Moshi ukapungua kweli. Mashine moja ilifanya kazi ya makumi ya watu, na wengi kati ya watu hao walikuwa wametoka mikoa maskini ya kaskazini-mashariki kufuata msimu wa miwa. Msimu uliendelea kuja kila mwaka. Wao hawakuitwa tena.