VUMBI LA MKONZE

Mafundi wa Uingereza na Marekani wapakao rangi vigari-moshi vya shaba nyeupe huisafisha kwanza shaba mafuta yote, ama sivyo rangi itabanduka. Kisha, ajabu, huvichafua kwa makusudi: masizi kwenye dohani, kutu ubavuni, vumbi magurudumuni. Hawakosei; hakuna injini iliyofanya kazi ikabaki inang'aa.

Basi atakayeunda mfano wa injini ya mvuke ya Reli ya Kati, iliyofika Dodoma 1910, hana budi kuuliza: vumbi la Mkonze huwa na rangi gani likigandamana na mafuta? Picha nyingi za zamani ni nyeusi na nyeupe. Wajuao ni wazee waliozihudumia injini hizo. Sisi wa Visiwani, reli yetu ya Bububu, iliyoanza 1905, haina tena shahidi wa kuulizwa. Idara zinazohusika ziwaendee wazee wa Dodoma, ziyaandike maneno yao wangali hai.