Kwa nini kiti mwendo huzama mchangani Tongoni

Kisukume kiti mwendo cha hospitali kwenye mchanga wa pwani ya Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga, uone. Hatua chache tu, vigurudumu vya mbele vinajichimbia na kiti kinagoma. Aliyekalia hana kosa. Kile kiti kiliundwa kwa sakafu ya wodi.

Gurudumu dogo hubana uzito wote mahali padogo, mchanga ukashindwa kuubeba. Na kwake kila kokoto ni ukuta. Gurudumu la baiskeli hulipanda kokoto. Ndiyo maana baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendesha kwa mikono, pedeli zikiwa mbele ya kifua na cheni ikishuka hadi gurudumu la mbele, hupita penye ardhi mbovu. Tena ni kama mafiga: yakiwa matatu, yote hugusa chini hata pasipo sawa. Yakiwa manne, moja huning'inia.

Mwili nao hupata nafuu. Anayesukuma kiti mwendo hushika pete, husukuma, huachia, kisha mkono hurudi mtupu. Sehemu ya nguvu anayoichoma inayogeuka kuwa mwendo haizidi sana asilimia 10, na bega, ambalo halikuumbwa kufanya kazi ya nyonga, huanza kuuma. Pedeli za mikono huzunguka bila kuachiwa, kazi ikagawika.

Mpakani kati ya Goma ya Kongo na Gisenyi ya Rwanda, wafanyabiashara wenye ulemavu wamevusha mizigo kwa baiskeli hizi miaka mingi. Chombo cha kutembelea kikawa lori. Lakini Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma. Fikiria kukimbia hapo. Mwenye miguu hukatiza shambani, huruka mtaro. Mwenye baiskeli ya mikono hana ila barabara, na barabarani ndiko kwenye vizuizi vya wenye silaha.

Huko Gaza, mwendesha baiskeli Alaa al-Dali alipigwa risasi mwaka 2018, akakatwa mguu. Alijifunza upya kuendesha kwa mguu mmoja, akashiriki kuanzisha Gaza Sunbirds, timu ya waendesha baiskeli wenye ulemavu. Vita vilipozuka Oktoba 2023, timu hiyo ikageukia kugawa chakula.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unataja hali ya vita katika ibara ya 11 na uwezo wa mtu kwenda huku na huko kwa kujitegemea katika ibara ya 20. Lakini ibara haizibi pancha.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuchangia chombo: mpime kwanza atakayekitumia. Weka mto mzuri, kwa kuwa asiye na hisia makalioni hupata vidonda vya mgandamizo bila kujua. Na hakikisha tairi, cheni na spoki ni zile zile za baiskeli ya kawaida. Tanga ni mji wa baiskeli; fundi aliye chini ya mwembe atakitengeneza leo leo.