Deni la Vita: Rekodi Kumi Kuanzia Turiani, 1916

Katika wiki za mwanzo za Agosti 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliizunguka milima ya Nguru, yakapita misheni ya Mhonda na kuingia Turiani. Nyuma ya wapiganaji walifuata maafisa wa utawala wenye madaftari: wa kuandikisha wapagazi, wa kukusanya chakula, wa kuamua kesi. Tangu siku hizo hadi mwaka 1922, nchi tunayoiita Tanzania Bara ilikuwa ardhi iliyotekwa vitani kutoka kwa Wajerumani, ikisubiri wenye nguvu wakubaliane itakuwa ya nani.

Vitabu vingi hueleza jinsi mapigano yalivyoanza. Rekodi hizi kumi zinahusu jinsi yalivyomalizwa: utawala wa wateka nchi, fedha, majeshi yaliyovunjwa na mishahara iliyodaiwa. Tumezipanga kufuata muda, tukianza na lililokwenda kasi na kumalizia na lililochelewa kuliko yote. Ukizisoma kwa mfululizo utaona jambo moja likijirudia: aliyebeba mzigo mzito zaidi ndiye aliyefikiwa mwisho.

1. Mwendo wa kasi zaidi: Turiani hadi Morogoro, wiki tatu

Operesheni ya milima ya Nguru ilianza tarehe 5 Agosti 1916. Wajerumani walirudi nyuma kuelekea kusini huku wakivunja madaraja. Tarehe 17 Agosti palitokea mapigano makali Dakawa, kwenye mto Wami, na tarehe 26 mji wa Morogoro ukatekwa. Smuts alitaka kulibana jeshi la kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, kati ya milima na reli, lakini jeshi hilo lilipenya Uluguru likashuka Kisaki. Nchi ilitekwa upesi na adui akabaki mzima. Ndiyo maana utawala wa uvamizi uliendeshwa kwa miaka miwili huku vita vikiendelea jirani.

2. Makao makuu yaliyosahaulika zaidi: Morogoro

Watu wachache wanakumbuka kwamba Morogoro iliwahi kuwa makao ya serikali ya koloni zima. Vita vilipoanza Agosti 1914, Gavana Heinrich Schnee alihama Dar es Salaam kwa kuhofia mizinga ya meli za Waingereza, akaweka ofisi Morogoro, penye reli na milima ya kujikinga. Mwaka 1916 serikali hiyo ikahamia Tabora. Tabora nayo ikatekwa na majeshi ya Wabelgiji tarehe 19 Septemba mwaka huohuo, siku kumi na tano tu baada ya Dar es Salaam kuangukia mikononi mwa Waingereza. Kuanzia hapo serikali ya Kijerumani ilikuwa msafara wa watu porini.

3. Fedha adimu zaidi: dhahabu ya Tabora

Kwa kuwa bahari ilikuwa imezibwa na manowari za Uingereza, sarafu hazikuweza kuja kutoka Ulaya. Mafundi wa karakana ya reli Tabora wakajitengenezea fedha mwaka 1916: hela 20 za shaba, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyofuliwa kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Sarafu hizo za dhahabu zilikuwa kama 16,000 tu, na leo wakusanyaji wa sarafu duniani huzigombea kwa bei kubwa.

Mkulima hakuiona dhahabu hiyo. Yeye alipewa noti za dharura zilizochapwa humuhumu nchini, ambazo thamani yake iliondoka pamoja na waliozitoa. Waingereza walipoleta mfumo wao, kwanza florini mwaka 1920, kisha shilingi, aliyeuza mtama na ng'ombe wake kwa noti za Mjerumani alibaki na karatasi mkononi.

4. Ardhi kubwa zaidi kwa maafisa wachache zaidi

Koloni la Kijerumani lilikuwa na ukubwa wa karibu kilomita za mraba milioni moja. Kuitawala sehemu iliyotekwa na Waingereza alipewa Horace Byatt, ambaye mwanzoni alifanyia kazi Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, na mamlaka yake yaliishia upande wa kaskazini. Kusini kulibaki mikononi mwa majeshi kwa muda mrefu zaidi. Magharibi walikaa Wabelgiji: Kigoma na Ujiji hawakuziachia hadi Machi 1921, na Rwanda na Burundi wakabaki nazo. Ureno ilipata pembe ya Kionga, kusini mwa mdomo wa mto Ruvuma.

Byatt hakuwa na watu wa kutosha, hivyo aliendelea kuwatumia maakida na majumbe waliowekwa na Wajerumani. Kijiji kilichotozwa kodi na akida mwaka 1913 kiliweza kumwona akida yuleyule mwaka 1919, akitumikia bendera nyingine. Mageuzi makubwa ya utawala wa wenyeji yalisubiri hadi alipokuja Gavana Donald Cameron mwaka 1925.

5. Bunduki za mwisho kunyamaza: siku kumi na nne baada ya amani

Ulaya ilisitisha vita tarehe 11 Novemba 1918. Siku mbili baadaye Lettow-Vorbeck, aliyekuwa ameingia Rhodesia ya Kaskazini na kuiteka Kasama, alipata habari hizo. Tarehe 25 Novemba aliweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, akiwa na Wajerumani 155, askari Waafrika zaidi ya 1,100 na wapagazi kwa maelfu.

Hapo ndipo kazi ya kulivunja jeshi lile ilipoanza. Wote walipelekwa kwa ziwa Tanganyika na reli. Askari wakawekwa kambini Tabora wakisubiri kurudishwa makwao. Lettow-Vorbeck aliomba apewe fedha za kuwalipa watu wake kabla ya kutawanyika, akakataliwa. Aliwaandikia vyeti vya kuthibitisha utumishi wao. Januari 1919 alipanda meli, na Machi alipokewa Berlin kama shujaa. Askari wake walirudi vijijini na cheti.

6. Adui aliyeua wengi zaidi: njaa na homa

Mapigano yalipokoma, vifo havikukoma. Majeshi yote mawili yalikuwa yamechukua nafaka, mifugo na wanaume wa kulima. Mvua zilipokosa kunyesha, Ugogo ukaingia katika njaa ya Mtunya, kati ya 1918 na 1920; makadirio ya wakati huo yalitaja vifo 30,000 katika wilaya ya Dodoma pekee. Papo hapo homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima ilifuata njia za reli na misafara ya watu waliokuwa wakirudi kutoka jeshini. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya watu 50,000 na 80,000 walikufa Tanganyika. Kumrudisha mtu nyumbani bila kumpima wala kumlisha kulikuwa kupeleka ugonjwa hadi mlangoni kwa mama yake.

7. Sheria iliyochelewa zaidi: kukomesha utumwa, 1922

Kanuni za kimataifa zilimtaka mteka nchi aheshimu sheria alizozikuta mpaka mkataba wa amani uamue vinginevyo. Ukubwa wa gharama ya kusubiri huko unaonekana katika jambo moja. Wajerumani walikuwa wamepiga marufuku biashara ya watumwa lakini hawakuufuta utumwa wenyewe. Waingereza, ambao kwa miongo mingi walijitangaza kuwa maadui wa utumwa, waliukuta na kuuacha. Ulifutwa rasmi kwa sheria ya Juni 1922, mwezi mmoja kabla ya Umoja wa Mataifa wa wakati huo kuthibitisha udhamini wa Tanganyika. Kwa waliokuwa bado chini ya mabwana, uhuru wao ulikuja miaka sita baada ya bendera kubadilishwa.

8. Jeshi lililokua na kupungua upesi zaidi: KAR

Mwaka 1914 jeshi la King's African Rifles, yaani KAR au Keya kwa wengi wa wazee wetu, lilikuwa na batalioni tatu na askari wapatao 2,300. Mwisho wa vita lilikuwa na batalioni 22 na watu zaidi ya 30,000. Amani ilipokuja, wengi wao waliachishwa kazi.

Kikosi kimoja kinastahili kutajwa peke yake. Mwaka 1917 Waingereza waliunda KAR ya sita kwa kuandikisha hasa askari waliokuwa wakimtumikia Mjerumani. Mtu aliyelinda daraja dhidi ya Waingereza mwaka mmoja, mwaka uliofuata aliweza kuvaa sare yao, kwa kuwa njia nyingine ilikuwa kukaa kambini kama mateka. Kikosi hicho kiliishi kuliko tawala zilizokianzisha. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 kiligeuzwa kuwa Tanganyika Rifles, na kikavunjwa baada ya maasi ya Januari 1964. Septemba mwaka huo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

9. Mshahara uliongojewa muda mrefu zaidi: miaka 46

Mwaka huohuo wa 1964, Lettow-Vorbeck alipofariki dunia, Bunge la Ujerumani Magharibi lilipitisha fedha za kuwalipa askari wake waliokuwa bado hai. Ofisi ya muda ya malipo ilifunguliwa Mwanza. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walijitokeza, na wachache tu walikuwa bado na vyeti vyao vya 1918. Wengine walikuja na vipande vya sare. Ili kuwatambua wasio na karatasi, kila mmoja alipewa ufagio ashike badala ya bunduki, akaamriwa gwaride kwa Kijerumani. Inasemekana hakuna aliyeshindwa.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama sifa ya utii. Sisi tunakisoma kama shitaka. Mtu aliyekuwa na miaka 20 siku ya Abercorn alikuwa na miaka 66 siku ya malipo, na ilimbidi apige tena gwaride la ujanani ili alipwe haki yake.

10. Mzigo mzito zaidi, na kumbukumbu iliyochelewa zaidi: wapagazi

Bonde la Turiani na tambarare ya Wami zilikuwa nchi ya mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa Smuts walikufa kwa maelfu, na malori yakazama kwenye matope. Waliobaki kubeba ni watu. Waingereza waliandikisha kwa vita hivi karibu wapagazi milioni moja, wengine kwa hiari, wengi kwa kulazimishwa na machifu na maakida. Kila mmoja alibeba kama kilo 25 za unga, risasi au dawa. Wengi waliozoea mtama, ndizi au wali walipewa unga wa mahindi usiopata moto wa kutosha, na tumbo la kuhara likawaua kuliko risasi. Wanahistoria wanakadiria vifo karibu 100,000 kwa upande wa Waingereza pekee. Upande wa Wajerumani hesabu haikutunzwa.

Kwa wengi waliokufa, mshahara ulibaki kwenye madaftari bila mrithi kutafutwa hadi kijijini. Kambi yao Dar es Salaam ilikuwa palipo Kariakoo ya leo. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mjini mwaka 1927 inamwonyesha mpiganaji mwenye bunduki, na makaburi ya kijeshi ya Morogoro yana mawe yenye majina. Mpagazi hana jiwe. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kutoka Turiani 1916 hadi kukiri huko ni miaka 105.

Kilichobaki kufanyika

Katika rekodi zote hizi, kila ofisi ilifunga jalada lake mara ilipomaliza shughuli iliyoihusu. Mipaka ilichorwa, mali za Wajerumani zikauzwa, shilingi ikaanza kutumika, makamanda wakaandika vitabu. Kuvunja jeshi kulihesabiwa kumekamilika bunduki zilipokusanywa. Kwa askari na mpagazi, vita vilikuwa bado vinadai.

Tume ya Makaburi ya Vita imeahidi kutafuta majina na kujenga kumbukumbu mpya Afrika Mashariki, na kazi hiyo haiwezi kufanyika London peke yake. Majina ya watu wa Turiani, Mhonda na Dakawa yako katika koo zao, na wanaoyajua ni vitukuu ambao nao wanazeeka. Shule za Mvomero, wilaya yenye maeneo hayo, zinaweza kuyakusanya mwaka huu kwa daftari na kalamu, na halmashauri inaweza kuyapeleka kwa wanaotafuta. Mishahara ile haitalipwa tena. Majina bado yanaweza kuandikwa, na wa kuyaandika ni sisi.