Karakana Nayo Ihesabiwe Darasa

Tukizungumzia vyuo vya ufundi, kilio chetu cha kwanza huwa mashine. Zinahitajika, hilo halina ubishi. Lakini treni za reli ya kisasa (SGR) ya Tanzania, zilizoanza kubeba abiria mwaka 2024, zinatumia umeme na mifumo ya kompyuta. Fundi wa mitambo ya aina hiyo lazima ajue kusoma taarifa ya hitilafu, kuiandika ieleweke, na kuikabidhi kwa zamu inayofuata. Stadi hizo hazikai ubaoni. Hujengeka pale kosa linapochelewesha kazi ya watu na mkuu wa zamu akataka maelezo.

Katika jimbo la Baden-Württemberg, Ujerumani, kujifunza kazini kulipewa muundo mapema. Mwaka 1974 kampuni za Daimler-Benz, Bosch na Standard Elektrik Lorenz zilishirikiana na serikali ya jimbo kuanzisha masomo ambayo mwanafunzi huingia akiwa na mkataba wa kampuni. Hukaa darasani takriban miezi mitatu, hurudi kazini mitatu, na kuendelea hivyo kwa miaka mitatu hadi apate shahada, huku akilipwa muda wote. Mwaka 2009 taasisi inayotoa masomo hayo ikawa chuo kikuu. Nguvu yake imo katika zamu hizo: swali lililomshinda kazini hulipeleka darasani kabla halijapoa. Kwetu mafunzo kwa vitendo mara nyingi ni wiki chache za likizo, na wapo wanaozimaliza wakitoa nakala za barua ofisini. Huko ni kumpotezea kijana muda.

Wapo watakaosema kampuni kama hizo hatuna. Kweli, kazi zetu nyingi ziko katika karakana ndogo. Hata hivyo Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) huwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa vyeti. Anayestahili cheti anaweza pia kukabidhiwa mwanafunzi. Hoja nzito zaidi ni kwamba mwajiri atamfunza kijana kazi yake tu, na mashine hiyo ikipitwa na wakati, kijana naye amepitwa. Hapo ndipo chuo kinapohitajika: hesabu, fizikia na usomaji wa michoro humwezesha kuhamia mashine nyingine. Kwa hiyo mkufunzi afike karakanani mara kwa mara, akae na fundi, wapange pamoja mwanafunzi afundishwe nini. Fundi naye anapofundisha anapoteza saa za kujitafutia riziki. Serikali inapopanga bajeti za vyuo, itenge fungu la kumlipa.